SOMO LETU: BARABARA INAPOUZUNGUKA MJI



Barabara ya mchepuko huuzunguka mji ili malori yasipite katikati. Leo tujifunze kwa mji mdogo wa Newbury, Uingereza.

Malori ya kutoka bandari ya Southampton kwenda kaskazini yalikuwa yakipita hapo mjini, yakileta msongamano na moshi. Serikali ikachora njia ya kilomita 14 hivi, magharibi ya mji. Vikao rasmi vya kusikiliza wananchi vilifanyika mwaka 1988 na 1992. Wakataji miti walipofika Januari 1996, mamia ya watu walipanda mitini kuzuia kazi. Walishushwa, wengi wakakamatwa, na miti karibu 10,000 ikakatwa. Novemba 1998 barabara ikafunguliwa.

Tunajifunza nini? Njia huamuliwa kwenye ramani, kabla katapila halijawashwa. Kwa hiyo tukiona wapimaji wamefika kwetu, tawi liitishe mkutano mara moja. Tuulize: Je, nyumba za kambi zitavunjwa? Fidia ni ya mwenye shamba peke yake? Mama auzaye chakula kando ya barabara ya zamani, atamwuzia nani? Majibu yaandikwe, yatiwe sahihi.

Maji yakimwagika hayazoleki.