Simuleta ya Ndege Inakwamakwama: Ubadilishe Nini Kwenye Kompyuta?

Mwambie muuza kompyuta kwamba mchezo unakwamakwama, naye atakutolea kadi ya grafiki. Kwa michezo mingi hajakosea. Mpira, mbio za magari, vita, yote huibebesha kadi hiyo mzigo mkubwa kuliko kifaa kingine. Simuleta za ndege zina tabia yake. Microsoft Flight Simulator na X-Plane hupiga hesabu za hewa inayopita kwenye mabawa, injini, vyombo vya rubani, ndege nyingine zilizo angani na majengo yanayotakiwa kuchomoza mbele yako. Sehemu kubwa ya hesabu hizo hufanywa kwa foleni, moja baada ya nyingine, na kiini kimoja cha prosesa. Kiini hicho kikielemewa, kadi ya grafiki hata iwe ya bei gani itakaa inasubiri. Ndiyo maana wapo waliolipa hela nyingi kwa kadi mpya, na ndege bado inagandaganda palepale inapokaribia kutua.

Basi jua kwanza kinachoelemewa. Weka ndege kwenye uwanja mmoja, hali ya hewa moja, saa moja ya siku, usome idadi ya fremu kwa sekunde. Kisha teremsha ukubwa wa picha kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720, usome tena bila kugusa kitu kingine. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa imelemewa. Zikibaki zilipokuwa, mwenye kesi ni prosesa.

Simuleta zenyewe nazo husema. X-Plane, ukiwasha mstari wa fremu kwenye ukurasa wa Data Output, hukuandikia juu ya kioo muda ambao prosesa na kadi vinatumia kwa kila fremu. Mwenye muda mrefu ndiye anayemchelewesha mwenzake. Kwenye Microsoft Flight Simulator washa Developer Mode kisha ufungue kidirisha cha FPS. Ukiona maneno “Limited by MainThread”, tatizo liko kwenye prosesa. Ukiona “Limited by GPU”, ni kadi. Asilimia ya jumla ya prosesa unayoiona kwenye Task Manager usiiamini sana. Prosesa ya viini 8 ambayo kiini kimoja kimejaa pomoni na saba vimelala itakuonyesha asilimia 13 hivi au chini ya hapo, nawe utadhani mashine inapumzika.

Mahali pa kupimia pana uzito wake. Cessna 172 ikipita juu ya Serengeti haisumbui hata mashine dhaifu, kwa sababu chini kuna nyasi na miti michache. Pimia ndege ya abiria ikiteremka Heathrow au New York, mawingu yakiwa mazito, hasa kama huko ndiko unakopenda kuruka. Lakini kama raha yako ni ndege ndogo na viwanja vya vumbi, huenda kompyuta uliyonayo inatosha na hela yako ibaki mfukoni.

Halafu usifukuze namba kubwa. Ndege haikati kona ghafla kama gari la mashindano, na fremu 30 zisizoyumba, yaani fremu moja kila milisekunde 33 hivi, hupendeza machoni kuliko fremu 55 zinazoanguka hadi 20 kila unapogeuza kichwa. Marubani wengi wa nyumbani huzifunga fremu kwenye 30 kwa makusudi, na sioni sababu ya kuwacheka.

Kabla ya duka kuna marekebisho ya bure. Prosesa ikiwa ndiyo inayoelemewa, punguza umbali wa kuchora ardhi, idadi ya majengo na vitu vya ardhini, na wingi wa ndege na magari yanayojiendesha. Kwenye Microsoft Flight Simulator kitelezi cha Terrain Level of Detail peke yake kinaweza kuleta tofauti utakayoiona mara moja. Kadi ikiwa ndiyo inayoelemewa, gusa mawingu, vivuli na ulainishaji wa kingo. Kupunguza mawingu ili kuisaidia prosesa ni kazi bure. Baada ya hapo fungua boksi upulize vumbi. Prosesa ikikaribia nyuzi 90 hadi 100, kutegemea aina, hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, chumba kisicho na kiyoyozi na feni iliyoziba, haichukui muda kufika huko. Mpe fundi abadilishe na ile dawa ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa.

Ukishaamua kununua, anza na kumbukumbu, yaani RAM. Kwa Microsoft Flight Simulator 2024 watengenezaji wametaja GB 16 kuwa kiwango cha chini na GB 32 kuwa kinachopendekezwa; X-Plane 12 haina njaa kiasi hicho. Angalia pia idadi ya vipande. Kompyuta nyingi huuzwa na kipande kimoja, na kipande kimoja hupitisha data kwa njia moja tu wakati madabodi ina njia mbili. Viwili vya GB 8 vitamhudumia rubani vizuri kuliko kimoja cha GB 16. Kasi nayo: kipande kilichoandikwa 3200 huweza kuwa kinakwenda 2133 au 2400 tangu siku ya kwanza kwa sababu hakuna aliyeingia kwenye BIOS kuwasha mpangilio wa kasi uitwao XMP, au EXPO kwa mashine za AMD za DDR5. Fungua Task Manager, sehemu ya Memory, usome mstari wa Speed. Kurekebisha hapo hakugharimu hata senti.

SSD ni ya lazima, na maneno yake ni machache. Hadidiski ya zamani hukufanya usubiri simuleta ifunguke mpaka chai ipoe, kisha hukushtua angani kila mandhari mpya inapopakiwa. Hata SSD ya kawaida ya SATA itaondoa hayo. Kulipa zaidi kwa SSD ya NVMe yenye kasi kuliko zote hakutakuongezea fremu.

Prosesa ndiyo sehemu yenye mengi ya kusema. Usihesabu viini tu. Tazama kasi ya kiini kimoja na ukubwa wa kashe, ile kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Mwaka 2022 AMD walitoa Ryzen 7 5800X3D yenye MB 96 za kashe ya ngazi ya tatu, wakati ndugu yake 5800X ana MB 32, na wapenzi wa simuleta waliiona tofauti mara moja ingawa kasi ya saa yake ilikuwa ndogo kidogo. Baadaye zikaja 7800X3D na 9800X3D, ila hizo zinadai madabodi mpya ya soketi ya AM5 na RAM ya DDR5, kwa hiyo usipige hesabu ya bei ya prosesa peke yake. Mwenye madabodi ya AM4, tuseme yenye Ryzen 5 2600, ana njia nafuu: 5700X3D au 5800X3D iliyotumika huingia kwenye soketi ile ile, mradi BIOS imesasishwa na feni ya kupoza inatosha. Usasishaji huo fanya mashine ikiwa kwenye UPS. Umeme ukikatika katikati, madabodi inaweza isiwake tena.

Kwa Intel uwe macho na soketi. LGA 1151 imeandikwa kwenye madabodi za kizazi cha 6 na cha 7, na pia kwenye za kizazi cha 8 na cha 9, lakini prosesa ya kizazi cha 8 haikusudiwi madabodi ya kizazi cha 6. Muuzaji akikwambia “itaingia tu”, ni kweli itaingia. Kuwaka ndiko hakutakuwapo.

Kadi ya grafiki ikithibitika kuwa ndiyo kikwazo, angalia kwanza kumbukumbu yake, VRAM. Microsoft Flight Simulator 2024 imetajiwa GB 4 kwa kiwango cha chini, GB 8 zinazopendekezwa na GB 12 kwa anayetaka yote. VRAM ikijaa, X-Plane huanza kufifisha picha za ardhi na ndege, na Microsoft Flight Simulator inaweza kuporomoka ghafla kana kwamba mashine imekufa. Hapa ndipo RTX 3060 ya GB 12, ingawa ni ya zamani, inaweza kumfaa rubani mwenye picha nzito kuliko RTX 4060 ya GB 8. Soma lebo lakini, maana ipo 3060 ya GB 8 pia.

Wengi wetu huanza na kompyuta ya ofisi iliyotumika kutoka Ulaya: Dell OptiPlex, HP EliteDesk na wenzake. Ni mashine imara, ila zile nyembamba hazipokei kadi ndefu, na pawa saplai zake ni ndogo na za umbo lake peke yake, huwezi kuchomeka yoyote. RTX 3060 hula wati 170 na hudai waya wake wa umeme. Kwa maboksi hayo tafuta kadi fupi inayotosheka na wati 75 za kwenye soketi ya madabodi, kama baadhi ya matoleo ya GTX 1650 au RTX 3050 ya GB 6. Kwenye kompyuta ya mapajani usihangaike kabisa: kadi imeunganishwa moja kwa moja na ubao, na mara nyingi utakachoweza kubadilisha ni RAM na SSD.

Mtandao nao ni kifaa. Flight Simulator 2024 huvuta mandhari kutoka intaneti wakati unaruka, na kasi inayopendekezwa ni Mbps 50, ya chini kabisa 10. Picha ikichelewa kukamilika huku fremu ziko sawa, hakuna kadi itakayokuponya. Anayetegemea bando la simu atapata nafuu kwa X-Plane, ambayo mandhari yake hukaa kwenye diski. Unaweza kupakua eneo unalolihitaji tu. Ina toleo la majaribio la bure pia, na FlightGear ni ya bure moja kwa moja, kwa hiyo unaweza kupima mashine yako kabla hujalipa chochote.

Ukinunua kadi iliyotumika, iwashwe mbele yako na ifanye kazi nzito kwa nusu saa. Sikiliza feni, tazama joto, angalia kama kuna michirizi kwenye kioo. Njoo na flashi yenye GPU-Z, programu ndogo ya bure. Kuna kadi kuukuu zilizobadilishwa jina ndani ya programu yake ya chipu zionekane mpya, na GPU-Z huzitambua nyingi na kuandika FAKE mbele ya jina. Ukiliona neno hilo, mrudishie kadi yake kabla hujatoa pochi.