UNATETEMEKA? USIDHARAU
Baridi ya Makonde na vijana wanaowinda panya



Najua wengi wenu mnaosoma hapa Mkomaindo na shule nyingine za Masasi, likizo ya mwezi wa sita ikifika mnapanda kwenda kwenu Newala. Najua pia kazi ya kwanza mnayoifanya huko kabla hata ya kufungua daftari: kuwinda panya. Usicheke. Panya wa porini, ambao wengine huwaita samaki nchanga, ni kitoweo cha heshima huku Kusini, na asiyewahi kuonja anyamaze tu. (Nazungumzia panya. Wanyama kama swala wana sheria yake, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kuwawinda bila leseni ni kosa.)

Somo letu leo si panya. Ni baridi inayomkuta mwindaji.

Katika mazungumzo na klabu moja ya afya, mwanafunzi wa kidato cha tatu alinisimulia mkasa uliompata mdogo wake. Walitoka wanne saa kumi na moja alfajiri, na majembe na mbwa mmoja. Majani yalikuwa na umande hadi kiunoni. Mdogo alivaa jinzi, fulana ya pamba na ndala. Walichimba mashimo mawili kwa nguvu, jasho likawatoka. Kisha wakakaa kimya kusubiri panya watoke upande wa pili. Jua halikuonekana, ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, na upepo ulipanda kutoka bonde la Ruvuma.

Mdogo akaanza kutetemeka. Wenzake wakamcheka: "Huyu mtoto wa mama!" Baada ya muda akawa hasemi. Mpini ukamponyoka mara mbili. Alipojibu, maneno yalitoka mazito kama ya mlevi. Halafu akaacha kutetemeka. Kaka yake aliniambia, "Dada, tukafurahi. Tukasema kashazoea."

Mmoja akatoa chupa ya gongo, akamnywesha. Wakawasha moto, wakamsogeza mpaka nyayo zake zikakaribia makaa. Hakulalamika. Waliposikia harufu ndipo walipogundua kwamba ngozi ya miguu inaungua na mwenyewe hana habari.

Bahati yao mzee mmoja alikuwa akipita kwenda shambani kwake kwenye mikorosho. Hata salamu hakungoja. Alimvuta kutoka kwenye moto, akamvua nguo zilizolowa, akamvika koti lake mwenyewe, akamkalisha juu ya majani makavu na kumkumbatia. Mmoja alitumwa mbio kuleta chai yenye sukari nyingi, na alipoweza kumeza vizuri akapewa kidogo kidogo. Kisha wakambeba hadi zahanati. Yule kijana yu mzima. Makovu ya nyayo anayo mpaka leo.

Kwani Newala kuna barafu?

Hilo ndilo swali nililoulizwa na darasa zima. Hakuna barafu, wala hapana haja ya barafu.

Chukua jiografia yako. Newala iko zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari. Kwa wastani, kila unapopanda mita 1000 hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi. Kwa hiyo wakati mwenzako wa Mtwara mjini anaona kuna ubaridi kidogo tu, wewe uliye juu kule kwenye ukingo wa Shimo la Mungu una nyuzi tatu au nne pungufu. Ongeza pepo za kusi za kipupwe na ukungu unaozuia jua hadi saa nne. Hata hivyo, hewa peke yake isingemwangusha yule kijana. Kilichomwangusha ni maji.

Maji hupitisha joto kwa kasi kuliko hewa, takribani mara 25. Nguo kavu hukupa joto kwa sababu imeshika hewa katikati ya nyuzi zake, na hewa hiyo iliyotulia ndiyo blanketi lenyewe. Nguo ikilowa, mahali pa hewa panakaliwa na maji, na blanketi linageuka bomba la kutolea joto nje. Kisha maji hayo yanapokauka kwa upepo yanachukua joto la mwili wako, sawa kabisa na mtungi unavyopoza maji ya kunywa. Na haidhuru yametoka wapi. Umande hulowesha kutoka nje, jasho hulowesha kutoka ndani. Mwindaji wa panya anapata yote mawili, kisha anakaa chini kwenye udongo wa baridi, hatikisiki. Huwezi kubuni njia bora ya kumpoza mtu.

Mwili unavyojitetea

Ndani ya mwili joto la kawaida ni nyuzi 37 hivi. Mwili unalilinda joto hilo kwa wivu, maana moyo na ubongo haviwezi kufanya kazi vizuri bila hilo. Baridi ikianza, mishipa midogo ya damu iliyo karibu na ngozi inajifinya ili damu ya moto ibaki katikati. Ndiyo sababu vidole vinakufa ganzi kwanza. Damu nyingi ikikusanyika katikati, figo zinaona kuna maji ya ziada, nawe unakwenda kukojoa kila mara. (Kumbe! Darasa zima lilicheka hapa, kila mmoja akijua analolikumbuka.)

Hatua ya pili ni kutetemeka. Misuli inakaza na kulegea haraka haraka ili izalishe joto, kama vile umekimbia bila kwenda popote. Kwa hiyo kutetemeka si uoga wala utoto. Ni mashine imewashwa. Lakini mashine hiyo inakula chakula, na kijana aliyetoka nyumbani bila hata kikombe cha uji ana mafuta kidogo ya kuiendesha.

Joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35, mambo yanaharibika. Mikono inakosa ustadi, hatua zinayumba, ulimi unakuwa mzito, akili inachoka na mtu anataka kulala tu. Ukiendelea kupoa, kutetemeka kunakoma. Hapo ndipo nataka usome polepole. Mtu aliyeacha kutetemeka kwa sababu amevaa nguo kavu, amekunywa uji na anaongea vizuri, huyo amepata joto. Mtu aliyeacha kutetemeka hali bado amelowa, kimya na mzito wa maneno, huyo mashine yake imezimika. Kuna watu wamekufa hivyo, wakiwemo wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, Watanzania wenzetu waliopanda na nguo zisizotosha.

Kosa la gongo na kosa la moto

Nimesikia mara nyingi: "Piga funda moja, damu ichemke." Ukweli ni kinyume. Pombe inafungua ile mishipa ya ngozi ambayo mwili umeifunga kwa makusudi. Damu ya moto inakimbilia nje, uso unapata joto, unajisikia mfalme, na joto la moyo na ubongo ndilo linalomwagika hewani. Pombe pia inapunguza kutetemeka na kupumbaza akili ambayo ingekuambia urudi nyumbani. Anayekupa gongo porini anakupa hisia ya joto. Joto lenyewe hakupi.

Moto ni jambo jingine. Moto unasaidia mtu mwenye akili timamu anayeweza kusema "basi, unaniunguza." Ngozi iliyokufa ganzi haisemi. Usimlaze mgonjwa kwenye makaa, wala usimsugue mikono na miguu kwa nguvu, wala usimlazimishe kukimbia. Unachopasha joto kwanza ni kifua, kwapa na shingo. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kitambaa inafaa. Mwili wa mwenzake unafaa zaidi, kama alivyofanya yule mzee. Chini yake weka majani makavu mengi, kwa sababu udongo unavuta joto kuliko watu wanavyodhani. Chai mpe ikiwa yu macho na anameza. Kama maneno ni mazito au ameacha kutetemeka akiwa bado wa baridi, mbebe taratibu hadi zahanati au hospitali. Kwa walio Masasi mjini, hospitali ya Mkomaindo ndiyo hiyo hapo.

Na moto wa kufukuzia panya, jamani, unajua unakoishia. Upepo wa kusi hauulizi mkorosho ni wa nani.

Unavaa nini?

Dada yangu mmoja aliniuliza, "Sasa mwanafunzi atoe wapi fedha za jaketi?" Sikumwambia jaketi. Pale mnadani kwenye mitumba tafuta sweta la sufu, hata likiwa na tundu. Sufu ikilowa bado inashika hewa kiasi. Pamba ikilowa haina msaada, na jinzi ndiyo mbaya kabisa, inakuwa nzito na haikauki mpaka mchana. Nguo nyembamba tatu ni bora kuliko moja nene, kwa sababu unaweza kuzipunguza. Juu kabisa weka kitu cha kuzuia upepo. Gunia la nailoni la sukari au la unga, likitobolewa matundu ya kichwa na mikono, linafanya kazi hiyo. Ila usitumie mfuko wa salfa! Miezi hii watu wanapulizia mikorosho na mifuko imezagaa kila mahali. Vumbi lake linawasha ngozi na macho, na ukitoka jasho ndiyo utajuta.

Kanuni ya mwindaji ni hii: vua kabla hujatoka jasho, vaa kabla hujatetemeka. Unapoanza kuchimba, sweta liwe kwenye mfuko, kavu. Unapokaa kusubiri, livae mara moja, usingoje. Beba fulana moja ya akiba. Miguuni vaa viatu vya kufunika na soksi, ndala ziache nyumbani. Kichwani funga kitambaa au vaa kofia, ingawa si kweli kwamba nusu ya joto la mwili hutokea kichwani. Hutoka kwa kiasi kile kile kama sehemu nyingine iliyo wazi.

Na kula. Uji kabla ya kutoka, na mfukoni korosho za kuchoma. Gramu 100 za korosho zina nguvu ya kilokalori 550 hivi. Tunawauzia watu wa mbali kitu hiki, sisi wenyewe tunakwenda porini na njaa!

Kutetemeka kwa namna nyingine

Umerudi nyumbani, umevaa nguo kavu, umekunywa uji, nusu saa imepita na bado unatetemeka. Au unatetemeka na huku mwili unachemka. Hiyo si baridi ya Newala. Inaweza kuwa malaria, na jibu lake ni kipimo kwenye zahanati siku hiyo hiyo, si shuka la pili.

Kwa mwindaji wa panya kuna jingine. Mwezi Julai 2022, huko Ruangwa, jirani zetu wa mkoa wa Lindi, watu 20 waliugua ugonjwa wa homa, kuumwa kichwa na kutoka damu puani, na watatu wakafariki. Serikali ilitangaza kwamba ni homa ya mgunda. Vijidudu vyake hutoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, hukaa kwenye maji na udongo wenye unyevu, na huingia kupitia michubuko, macho au mdomo. Mara nyingi homa huanza siku 5 hadi 14 baadaye, pamoja na maumivu ya misuli, hasa ya ndama za miguu, na macho mekundu. Dawa zipo, zikianza mapema. Kwa hiyo ukienda zahanati na homa, mwambie mganga waziwazi, "Nilikuwa nawinda panya." Usione haya. Na ukitoka kuchuna panya nawa kwa sabuni, funika vidonda.

Usiku nao una hatari yake. Ukirudi na baridi, usilale na jiko la mkaa chumbani huku umefunga mlango na dirisha. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu, na anayeivuta usingizini haamki.

Wasichana waliniambia, "Sisi hatuwindi, dada, somo hili ni la kaka zetu." Nikawauliza nani anakwenda kutafuta kuni na maji alfajiri, na kanga ikilowa umande anaivaa hadi saa ngapi. Wakatazamana.

Jaribu mwenyewe

Chukua chupa tatu zinazofanana, zijaze maji ya moto kiasi cha kuogea. Ya kwanza ifunge kitambaa kikavu. Ya pili ifunge kitambaa kilicholowa. Zote mbili ziweke nje penye upepo. Ya tatu ifunge pia kitambaa kilicholowa, lakini iweke ndani pasipo upepo. Baada ya nusu saa fungua vitambaa, shika kila chupa, uandike ipi imepoa zaidi na ipi inafuata. Kisha jadili na wenzako: yule kijana wa Newala, alipokuwa ameketi akisubiri panya, alikuwa chupa ya ngapi? Na yule mzee alipomvua nguo, alimgeuza kuwa chupa ipi?