Jaji Augustino Ramadhani na Mpaka wa Kiti cha Hukumu



Katika somo letu la safari hii twataka kujifunza habari za Mkristo mwenzetu, Jaji Augustino Stephen Lawrence Ramadhani, aliyefariki dunia tarehe 28 Aprili 2020. Wengi wetu twalijua jina lake kwa kuwa alikuwa Jaji Mkuu wa Tanzania. Lakini hatukumchagua kwa ajili ya cheo. Tumemchagua kwa sababu kesi moja, iliyoletwa mbele yake na mtu wa mkoa wetu huu, yatufundisha jambo ambalo kila mwenye kuamua mashauri ya watu hana budi kulijua, hata kama shauri lenyewe ni la mpaka wa shamba la miti. Jambo hilo ni kwamba kiti cha hukumu kina mpaka wake.

1. ASILI NA ELIMU YAKE

Augustino Ramadhani alizaliwa Unguja tarehe 28 Desemba 1945. Mtu wa bara aweza kushangaa Mkristo kuitwa Ramadhani, lakini mtu wa pwani hashangai. Huko majina kama Juma, Hamisi na Ramadhani ni ya wote, Wakristo kwa Waislamu.

Kanisa lake la Unguja na Kanisa letu la huku ni watoto wa mama mmoja. Kanisa Kuu la Mkunazini lilijengwa na misheni ya UMCA mahali palipokuwa na soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Misheni hiyo hiyo ndiyo iliyofanya kazi kando ya Ziwa Nyasa na kupanda milima mpaka Milo, katika Ludewa.

Kijana Augustino alisoma bara, akapita Shule ya Wavulana ya Tabora, kisha akasomea sheria Dar es Salaam, akahitimu mwaka 1970. Baada ya hapo aliingia Jeshi la Wananchi wa Tanzania, akatumika huko kama mwanasheria, akapanda mpaka cheo cha Brigedia. Alikuwa pia mpiga kinanda hodari, na wengi waliosali pamoja naye wamkumbuka kwa kinanda chake kuliko kwa joho lake la kijaji.

2. NGAZI ZA HUKUMU

Kabla ya kuendelea, na tukumbuke shauri la Yethro kwa Musa, katika Kutoka sura ya 18. Musa alikuwa akiketi peke yake kutwa nzima, na watu wamemzunguka wakingoja kuamuliwa. Mkwewe akaona kwamba yeye na watu watachoka bure. Akamshauri achague watu waaminifu wanaochukia rushwa, awaweke juu ya maelfu, mamia, hamsini na makumi. Mashauri madogo waamue wao, yale magumu yaletwe kwa Musa.

Mahakama zetu nazo zina ngazi. Chini iko Mahakama ya Mwanzo, juu yake Mahakama ya Wilaya na ile ya Hakimu Mkazi, kisha Mahakama Kuu. Juu ya zote iko Mahakama ya Rufani, iliyoanzishwa mwaka 1979. Zanzibar ina Mahakama Kuu yake na Jaji Mkuu wake, lakini Mahakama ya Rufani ni ya Jamhuri yote ya Muungano. Katika mahakama za chini anayeamua huitwa hakimu. Katika Mahakama Kuu na ya Rufani huitwa jaji.

Jaji Ramadhani alizijua ngazi hizi pande zote mbili za bahari. Katika miaka ya 1980 alikuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar. Tuangalie vema jambo hili: karibu watu wote wa visiwa vile ni Waislamu, na mkuu wa mahakama zao alikuwa Mkristo. Baadaye aliteuliwa kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Mwaka 2001, Mahakama ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi Arusha, naye alikuwa miongoni mwa majaji wake wa kwanza. Mwezi wa Julai 2007 akawa Jaji Mkuu wa Tanzania.

3. KESI YA MTU WA LUDEWA

Sasa tuingie katika kesi yenyewe. Mchungaji Christopher Mtikila, mwenyeji wa Ludewa na kiongozi wa chama cha DP, alidai kwamba raia ana haki ya kugombea urais au ubunge bila kupitia chama chochote. Huyu ndiye tumwitaye mgombea binafsi. Katiba yetu, katika ibara za 39 na 67, yasema kwamba mgombea lazima awe mwanachama wa chama cha siasa na apendekezwe na chama chake.

Mtikila alikwenda kwanza Mahakama Kuu Dodoma. Mwezi wa Oktoba 1994 Jaji Lugakingira alimpa haki. Kabla mwaka ule haujaisha, Bunge lilibadili Katiba na kuufunga mlango ule. Mtikila hakuchoka. Mwaka 2005 alifungua kesi nyingine, na tarehe 5 Mei 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakampa haki tena. Serikali ikakata rufani.

Rufani hiyo ilisikilizwa na majaji saba, mbele yao akiwa Jaji Mkuu Ramadhani. Tarehe 17 Juni 2010 walitoa uamuzi wao. Walisema kwamba mahakama haina uwezo wa kufuta kifungu cha Katiba yenyewe. Kwamba jambo la mgombea binafsi ni la kisiasa, na wenye kulimaliza ni Bunge. Ushindi wa Mtikila ukaondolewa.

Wako waliosifu uamuzi huo. Walisema jaji hakuchaguliwa na wananchi, basi asijitwalie kazi ya kutunga Katiba. Wako pia waliohuzunika. Waliuliza: Ikiwa Bunge ndilo lililoufunga mlango, mnyonge amrudie nani? Sisi twaona maswali hayo mawili yote ni ya haki. Mwenye kiti aweza kukosa kwa kuvuka mpaka wake, na aweza kukosa kwa kusimama mbali mno na mpaka huo. Kwa sababu hiyo kazi ya hukumu ni ngumu, na watu waliosoma sana wakatofautiana.

4. KITI ALICHOKIACHA WAZI

Mwezi wa Desemba 2010, Jaji Ramadhani alipotimiza umri wa miaka 65, alistaafu ujaji mkuu. Mwaka ule ule alikuwa amechaguliwa kuwa jaji wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha. Naye Mtikila, mwaka 2011, akapeleka shauri lake kwenye mahakama hiyo hiyo. Chama cha Wanasheria wa Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu nao walipeleka shauri la namna hiyo, na mashauri yakaunganishwa.

Basi fikirini, ndugu. Mtu aliyemnyima Mtikila ushindi mwaka 2010 sasa alikuwa jaji katika mahakama ya kuangalia kama haki ilivunjwa. Je, aliketi? Hakuketi. Sheria ya mahakama ile yasema kwamba jaji hatasikiliza shauri linalohusu nchi yake mwenyewe. Wenzake wakasikiliza bila yeye. Tarehe 14 Juni 2013 wakahukumu kwamba Tanzania ilivunja haki za raia kwa kuwakataza wagombea binafsi. Hiyo ilikuwa hukumu ya kwanza ya mahakama ile kuona kwamba nchi imevunja haki.

Hapa pana fundisho kubwa. Sheria ile haikungoja kupima kama Jaji Ramadhani ni mwema au si mwema. Haikuuliza kama anaweza kusahau ya zamani. Ilimwondoa kabisa, hata asiyemwamini asiwe na neno la kusema. Wengi wetu huona tunavunjiwa heshima tukiambiwa tusikae katika shauri la ndugu yetu. Twasema, “Kwani mimi si mwaminifu?” Lakini kuondoka hakumvunjii mtu heshima. Aliyeshindwa shauri huweza kurudi nyumbani kwa amani akijua kwamba hakuamuliwa na shemeji wa mwenzake.

Tena tuone kwamba hukumu ile haikumfukuza Jaji Ramadhani katika kazi, wala haikumtenga na wenzake. Mwezi wa Septemba 2014 majaji wenzake walimchagua kuwa Rais wa mahakama yao, akaiongoza mpaka mwaka 2016. Kupinduliwa kwa uamuzi si fedheha. Ndiyo maana ngazi zikawekwa.

5. KITI CHA TATU

Mwezi wa Aprili 2012 aliapishwa kuwa Makamu Mwenyekiti wa Tume ya Mabadiliko ya Katiba, chini ya Jaji Joseph Warioba. Tume ile ilizunguka nchi nzima kusikiliza wananchi. Katika rasimu zake za mwaka 2013 ilipendekeza mengi, na mojawapo ni kwamba mgombea binafsi aruhusiwe.

Mtu asiyeangalia atasema, “Mbona hapa wasema ndiyo, na kule mlisema hapana?” Lakini kule alikuwa jaji, kazi yake kuitumia Katiba iliyopo. Hapa alikuwa mjumbe wa tume, kazi yake kuwauliza wananchi wanataka Katiba ya namna gani. Mtu ni mmoja, viti ni viwili, na kila kiti kina kazi yake. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika Aprili 2015 iliahirishwa, haikufanyika, na mlango wa mgombea binafsi haukufunguliwa. Mchungaji Mtikila alifariki kwa ajali ya gari mwezi wa Oktoba 2015 kabla ya kuuona ukifunguliwa.

6. PADRE, NA SWALI MOJA GUMU

Mwaka 2013, huko Zanzibar, Jaji Ramadhani aliingia katika daraja takatifu la Kanisa letu. Brigedia, Jaji Mkuu mstaafu, akakubali kuanza tena chini kama mtumishi mpya wa madhabahu.

Hatutaki kumfanya kuwa malaika. Mwaka 2015, akiwa bado Rais wa mahakama ya Arusha, alichukua fomu kuomba Chama cha Mapinduzi kimteue kugombea urais. Hakuteuliwa. Je, jaji aliye kitini aweza kuomba kura za chama bila watu kuanza kuwa na mashaka na kiti chake? Kwa maoni yetu ingefaa kwanza kuinuka kitini. Msomaji aweza kuona vingine, na afadhali tuzungumze kuliko kunyamaza kwa sababu marehemu alikuwa mtu mkubwa.

7. MAMBO YA KUSHIKA

Hapa kwetu mashauri hayaishi. Bei ya mbao na ya parachichi imefanya kila hatua ya ardhi kuwa na thamani, na ndugu waliokula sahani moja wagombana kwa ajili ya mti wa mpakani. Wengi wetu twaitwa kuamua: wazee wa ukoo, wajumbe wa kanisa, wajumbe wa Baraza la Kata. Tushike mambo manne.

Kwanza, ujue kiti chako kina uwezo gani. Kwa mfano, tangu mwaka 2021 Baraza la Kata halitoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha. Wakishindwana, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mjumbe anayemtangaza mshindi na kumtoza mtu faini amevuka mpaka.

Pili, shauri likimgusa ndugu yako, mdeni wako au jirani yako wa shamba, ondoka mapema, usingoje kufukuzwa.

Tatu, aliyeshindwa mwonyeshe njia ya kwenda juu. Usimkasirikie akikata rufani, hajakutukana.

Nne, usijifiche nyuma ya mpaka. Ukisema, “Hili si letu,” mwambie mtu ni la nani, na umwelekeze mpaka afike.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Soma Kutoka sura ya 18. Musa angaliendelea kuketi peke yake, nani angaliumia zaidi: yeye au watu?
2. Majaji saba walisema jambo la mgombea binafsi ni la Bunge. Mngalikuwa ninyi, mngalisema nini?
3. Je, katika vikao vyetu vya kanisa kuna kawaida ya mjumbe kutoka nje shauri la ndugu yake linaposikilizwa? Kama haipo, tuianzishe namna gani?

Bwana ampe marehemu pumziko la milele, naye awape hekima wote waketio kuamua watu wake.