Rangi ya Zamani Katika Nyumba ya Kupangisha: Mafunzo Niliyopata Bunia

Familia yetu ina nyumba ya matofali hapa Bunia, mkoani Ituri, Kongo, iliyojengwa na Wabelgiji kabla ya uhuru wa 1960. Tangu Baba afariki, mimi ndiye ninayepokea kodi na kutafuta mafundi. Wapangaji wetu ni familia zenye watoto wadogo, na baadhi yao walikimbia vita vya Djugu, eneo lililo jirani nasi. Nilipopata habari kwamba rangi nyingi za mafuta za zamani zilitengenezwa kwa madini ya risasi, niliona siwezi kuendelea kupokea kodi yao na kunyamaza. Haya ninawaandikia wenye nyumba wenzangu.

1. Nyumba ya zamani ihesabiwe kuwa na risasi mpaka ithibitike kuwa haina.

Marekani ilikataza rangi ya risasi majumbani mwaka 1978. Sheria yao ya 1992 inamtaka anayepangisha nyumba iliyojengwa kabla ya hapo amweleze mpangaji kila anachojua kuhusu rangi hiyo kabla ya mkataba kutiwa sahihi. Huku kwetu hakuna mkaguzi aliyewahi kunibishia hodi kuuliza habari za rangi, lakini mwili wa mtoto wa Bunia hauna tofauti na wa mtoto wa Chicago. Kwa hiyo kanuni hiyo nimeichukua iwe yangu. Chokaa ya kutani hainipi wasiwasi sana. Ninachokiangalia ni rangi ya mafuta kwenye milango, fremu na mbao za madirisha, pamoja na ile nyekundu inayokaribia rangi ya chungwa, minium kwa Kifaransa, iliyopakwa kwenye chuma kuzuia kutu. Hiyo ni oksidi ya risasi yenyewe.

2. Vumbi ni hatari kuliko magamba.

Sote humkemea mtoto tukimwona anabandua gamba la rangi na kulitia mdomoni. Vumbi halimshtui mtu. Dirisha la mbao likifunguliwa na kufungwa kila siku, mbao husuguana na rangi husagika. Unga wake hutua kwenye kizingiti na sakafuni, mahali ambapo mtoto anayetambaa huweka mikono yake, kisha mikono huenda mdomoni. Nje ya nyumba ni hivyo hivyo: magamba ya madirisha na ya mbao za paa hudondoka chini ya ukuta, kwenye udongo ule ule ambao watoto huchezea, nayo risasi haiozi wala haiyeyuki na mvua ikaisha.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mtoto mdogo hufyonza risasi anayoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mwili huipokea kana kwamba ni kalisi na kuihifadhi katika mifupa na meno. Mwanamke akishika mimba miaka mingi baadaye, risasi hiyo hutoka mifupani ikamfikia mtoto tumboni. Inapunguza damu, inadumaza akili, na akili iliyokwisha kuharibika hairudishwi na dawa. Hapa Ituri mtoto mwenye upungufu wa damu hutafutiwa malaria na minyoo, na ni haki, maana hayo ndiyo yanayotukabili zaidi. Lakini kama anaishi katika nyumba yenye rangi inayobanduka, mama amweleze daktari na jambo hilo pia.

3. Javel haiui risasi.

Ebola ya 2018 hadi 2020 ilitufundisha kunawa na kusafisha kwa klorini, na mafunzo hayo yaliokoa watu. Ndiyo maana mama mmoja mpangaji aliponisikia nikitaja sumu ya dirishani, alikwenda moja kwa moja kuchukua javel, dawa yetu ya klorini. Nilimweleza kwamba risasi ni madini. Haina uhai wa kuuawa, inabidi iondolewe. Kitambaa kibichi na maji ya sabuni vinatosha, sakafuni na kwenye vizingiti, mara kwa mara. Ufagio mkavu hulirusha vumbi hewani tu. Maji machafu yamwagwe chooni, yasimwagwe bustanini. Mikono ya watoto inawishwe kabla ya kula. Dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao, maharage na lengalenga husaidia pia, kwa sababu mwili wenye njaa ya chuma na kalisi hufyonza risasi zaidi.

4. Fundi asikwangue kavu, wala asichome.

Hapa ndipo nilipobishana sana na mafundi. Fundi hodari hujivunia kukwangua mpaka mbao ionekane, tena kwa msasa mkavu au kwa moto. Msasa mkavu hugeuza mlango mmoja kuwa vumbi la nyumba nzima, na moto hutoa moshi wa risasi ambao wa kwanza kuuvuta ni fundi mwenyewe. Rangi ambayo bado imeshika, iache ilivyo na uifunike kwa rangi mpya. Inayobanduka ilowanishwe kwanza, ndipo ikwanguliwe, huku turubai limetandazwa chini. Fundi avae barakoa nzuri, na nguo za kazi asizipeleke nyumbani kwake zikiwa na vumbi. Wajawazito na watoto wasikae ndani siku za kazi. Sisi tulifanya chumba kimoja kimoja, na kila familia ilihamia kwanza kwenye chumba kilichokuwa wazi.

5. Mlango wa zamani si kuni.

Hili sikulisoma popote, nililiona uani petu. Fremu tulizong'oa wakati wa kazi hiyo zilikuwa tayari zimepasuliwa, zinangoja jiko. Makaa ni ghali, na mbao kavu ni mali. Lakini risasi haiungui ikatoweka: nyingine huenda na moshi hadi kwa mpishi, nyingine hubaki kwenye majivu, na majivu kwetu hutiwa kwenye mboga. Niliwanunulia wapangaji gunia la makaa ili wanirudishie zile mbao.

6. Rangi mpya nayo iulizwe.

Makopo mengi hutufikia kutoka Uganda na Kenya kupitia mipaka ya Mahagi na Aru. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa linapendekeza risasi isizidi sehemu 90 katika milioni. Tafuta kopo lililoandikwa kwamba halina risasi, na ujihadhari zaidi na rangi za mafuta za manjano na nyekundu kali, maana kromati ya risasi ndiyo iliyozoeleka kuzipa ung'avu huo. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kwa hiyo wafanyabiashara wetu wanaweza kudai bidhaa ile ile inayoruhusiwa kuuzwa Nairobi.

7. Mpangaji aambiwe, na iandikwe.

Mpangaji wa Bunia hanyamazi kwa kutojali. Anaogopa kwamba akilalamika, ataambiwa ahame. Mama mmoja aliniuliza, “Papa, sasa unataka tutoke?” Ndipo nilipoanza kuandika hali ya rangi katika karatasi tunayosaini pamoja mpangaji anapoingia: mlango upi una rangi ya zamani, umefunikwa lini, nani atautengeneza ukianza kubanduka. Jibu la hilo la mwisho ni mwenye nyumba, kwa gharama yake, bila kugusa garanti, yaani amana, ya mpangaji wala kupandisha kodi.