Homa Hosteli: Maswali kwa Daktari wa Wasafiri

Vijana wa Afrika Mashariki nao siku hizi wanabeba begi mgongoni na kuzunguka India, Nepal, Thailand na Vietnam kwa miezi, wakilala hosteli za vitanda sita chumba kimoja. Daktari wa magonjwa ya wasafiri anajibu maswali ya wasomaji kuhusu kuugua huko na, zaidi, kuhusu kupona.

Tukiwa Varanasi niliharisha vibaya. Mwenzangu akanipa vidonge vya kufunga choo, tukapanda treni ya usiku. Ilikuwa sawa?

Kwa treni ya usiku, naelewa. Lakini vidonge vile vinafunga mlango tu, haviui kilichomo ndani. Ukiwa na homa au ukiona damu kwenye choo, usivimeze kabisa.

Dawa yako ya kwanza ni maji yenye chumvi na sukari. India pakiti za mchanganyiko huo, ziitwazo ORS, zimejaa kwenye maduka ya dawa. Ukizikosa, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya kusawazisha, visivyo na kilima. Kunywa kidogo kidogo hata kama unatapika. Wapo wanaoidharau hii kwa kuwa haina sindano. Mwaka 1971, kwenye wakimbizi wa vita vya Bangladesh huko Bangaon, mpakani mwa India, kipindupindu kilikuwa kinaua kama asilimia 30 ya wagonjwa. Dripu zilipopungua, daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuwanywesha watu mchanganyiko huu, wakihudumiwa na ndugu zao wenyewe. Vifo vikashuka chini ya asilimia 4.

Kuhusu antibiotiki: siprofloksasini, ambayo wengi wenu mnaibeba kutoka nyumbani, imeshazoewa na bakteria wengi wa Asia. Kwa mtu mzima anayeelekea huko, madaktari wengi huanza na azithromaisini. Omba uandikiwe kabla ya kuondoka, na uitunze kwa siku ya homa au damu. Kuharisha kwa kawaida hakuihitaji.

Shikamoo daktari. Binti yangu yuko Chiang Mai, amepimwa akakutwa na dengi. Leo homa imeshuka, anasema kesho anapanda basi kwenda Laos.

Marahaba, mama. Mzuie, hata kwa ukali.

Dengi ina hila yake. Homa hukaa siku 2 hadi 7, na watu wote wanaiogopa inapopanda, kumbe hatari huja inaposhuka. Katika saa 24 hadi 48 zinazofuata, mishipa midogo ya baadhi ya wagonjwa huvujisha maji ya damu na presha inaanguka, wakati mgonjwa mwenyewe anajiona ana nafuu. Basi la milimani si mahali pa kuzimia. Abaki karibu na hospitali, apimwe damu kila siku, na akipata maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, kutokwa damu kwenye fizi au kulegea kupita kiasi, akimbizwe usiku huo huo.

Maumivu ayatulize kwa parasetamoli tu, isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kumzidishia kutokwa damu. Na siku za homa alale ndani ya chandarua mchana pia, kwa sababu mbu wa dengi anauma mchana, na akimuuma yeye ataupeleka ugonjwa kwa wenzake wa chumba kile.

Kwa nini unasisitiza tumwambie daktari wa huko tunatoka wapi?

Malaria. Mbu aliyekuuma Tanga au Kisumu wiki uliyoondoka anaweza kukuangusha ukiwa Hanoi, na daktari wa Hanoi akiona homa ana orodha yake: dengi, taifodi, mafua. Malaria iko mbali sana kwenye orodha hiyo. Sentensi yako ya kwanza iwe: nimetoka Afrika Mashariki, naomba kipimo cha malaria. Mwambie hivyo hata kama imeshapita miezi miwili.

Ukirudi nyumbani, geuza maneno. Hapa homa yoyote huitwa malaria. Taja nchi ulizopita, na kipimo kikisema huna, usikubali kumezeshwa dawa yake eti kwa tahadhari.

Bima ni ya lazima?

Ndiyo. Piga simu kwa kampuni ya bima kabla ya kulazwa kama hali inaruhusu, tunza risiti, na usome sharti la pikipiki. Nyingi hazilipi kama huna leseni ya pikipiki, na hapo ndipo wengi wanapoumia.

Nitajuaje kuwa nimepona vya kutosha kuendelea?

Hapa ndipo ninapogombana na wasafiri. Anatibiwa vizuri, halafu anaondoka kesho yake kwa kuwa tiketi ilishalipwa. Tiketi ya basi ni kitu rahisi kupoteza.

Ondoka chumba cha watu sita, lipia chenye choo chake. Kula wanachopewa wagonjwa wa huko: India watakupa kichuri cha mchele na dengu, Thailand uji wa mchele uitwao jok, Vietnam cháo. Uji ni uji, tumbo lako litautambua. Maziwa yaache wiki moja au mbili, maana utumbo uliochubuka huyashindwa kwa muda. Kuharisha kukipita wiki mbili, na ukawa unacheua harufu ya yai bovu, pima choo. Huenda ni giadia, na ina dawa yake.

Ukishakula mlo wa kawaida siku mbili na ukapanda ngazi bila kushika ukuta, safiri, ila mwendo mfupi. Aliyekuwa anapanga kwenda kambi ya chini ya Everest, mita 5,364, asubiri zaidi. Dengi hasa huacha uchovu wa wiki kadhaa, na juu kule hutajua kama kinachokuumiza kichwa ni uchovu huo au ni mwinuko.

Na kama niko peke yangu?

Mwambie mtu wa mapokezi jina la ugonjwa na namba ya ndugu yako, umwombe akugongee mlango asubuhi na jioni. Usione haya, kwenye hosteli zile wameshauguza wageni wengi.