Usimwekee Mwenzio Makombo ya Maneno

Hebu fikirini kwamba imetolewa sheria mpya: kila mtu anaruhusiwa kusema maneno 140 tu kwa siku. Yakiisha, ni kunyamaza hadi kesho. Salamu kwa jirani zinahesabiwa. Kubishana na makanga juu ya nauli kunahesabiwa pia. Jioni unafika nyumbani ukiwa umebakiwa na maneno 9. Je, utamwambia nini mwenzio?

Fumbo hili lilitungwa na Mwingereza Sam Steiner katika mchezo wake wa kuigiza wa mwaka 2015, Lemons Lemons Lemons Lemons Lemons, yaani neno "malimau" likirudiwa mara tano. Mwanzoni ulichezwa na kikundi kidogo cha vijana, na mwaka huo huo ukaonyeshwa kwenye tamasha la Edinburgh huko Scotland. Watu waliupenda hata mwaka 2023 ukafika katika jumba kubwa la London, waigizaji wakiwa Jenna Coleman na Aidan Turner.

Katika mchezo huu kuna watu wawili tu. Bernadette ni wakili, na Oliver ni mwanamuziki. Ni wapenzi, ingawa hawajafunga ndoa. Sheria ile inapozungumzwa, Oliver anaipinga kwa nguvu. Bernadette haoni haja ya kelele nyingi hivyo. Kisha sheria inapita, nao wanapaswa kuendelea kupendana kwa maneno ya kuhesabu.

Mwandishi amechanganya siku za kabla ya sheria na siku za baada yake. Kwa hiyo mtazamaji anawaona wawili hawa wakati wana maneno tele, wakizungukazunguka mambo yanayowauma bila kuyataja. Mara anawaona wakati hawana maneno, wakiyakata na kuyafupisha ili yatoshe. Wakikutana mwisho wa siku, wanatajiana namba ya maneno waliyobakiwa nayo. Namba hiyo peke yake inaweza kufurahisha au kuumiza, maana inaonyesha ni nani aliyemkumbuka mwenzake mchana kutwa na ni nani aliyemsahau.

Wapendwa, sisi hatuna sheria ya namna hiyo. Lakini tuseme kweli: je, ni nyumba ngapi ambazo mume na mke hawafikishi hata maneno 140 kwa siku? Bwana amecheka na wenzake kazini tangu asubuhi. Akiingia nyumbani anauliza, "Chakula kiko tayari?" kisha anainamia simu yake. Bibi naye amemwaga moyo wake wote katika chama na mazoezi ya kwaya. Bwana akimuuliza habari za siku, anajibu, "Nzuri." Wageni wamekula nyama, na mwenzi anapewa makombo.

Wako pia wanaokaa mbalimbali kwa sababu ya kazi, mmoja Mombasa na mwingine Kakamega. Wao wanajua vizuri maana ya kuhesabu maneno. Simu inapigwa Jumapili, wanazungumza karo, mbolea na deni la duka, kisha salio linakwisha. Hakuna aliyeuliza, "Wewe mwenyewe unaendeleaje?" Miaka inapita hivyo, na siku moja wanashtuka kwamba hawajuani tena.

Lakini msidhani dawa ni kuongea sana. Bernadette na Oliver walikuwa na maneno yote ya dunia kabla ya sheria, na bado walifichana. Maneno mengi yanaweza kuwa ukuta sawa na kimya. Kumbukeni siku ya arusi yenu: maneno yaliyowaunganisha mbele ya padre na mashahidi yalikuwa machache sana, lakini mliyapima kabla ya kuyatamka.

Fanyeni basi mambo haya matatu:

1. Mwekee mwenzio akiba. Kama unajua kazi itakumaliza, punguza porojo za njiani. Fika nyumbani ukiwa bado na kitu cha kumwambia.

2. Anza na lililo zito. Msisubiri taa izimwe ndipo mtaje ugonjwa, deni au hofu ya kuachishwa kazi. Saa hiyo mmoja ameshasinzia.

3. Acha mwenzio amalize. Mtu asiyesikilizwa hujifunza kunyamaza, na kimya hicho hakihitaji sheria ya serikali.

Sisi tusemao Kiswahili tuna bahati katika hesabu hii. "Nimekusamehe" ni neno moja, na ndani yake mna mimi, wewe na msamaha. Mwingereza huhitaji maneno manne. "Nilikukosea" ni neno moja. "Umechoka?" ni neno moja. "Nakusikiliza" ni neno moja, na "pole" ni fupi kuliko yote. Kwa maneno 9 ya jioni, nyumba inaweza kupona. Tatizo letu si uhaba wa maneno. Ni kwamba yale machache yanayohitajika tunayaona mazito kuyatamka.

Maswali ya kujadiliana ninyi wawili:

Kama ningekuwa na maneno 140 leo, ni mangapi yangekufikia wewe?

Ni jambo gani tunalolizunguka bila kulitaja?

Ni neno gani moja ambalo umelingoja kutoka kwangu kwa muda mrefu?

Jibuni usiku huu, mkiwa mmezima redio na simu. Kila mmoja amsikilize mwenzake hadi mwisho kabla ya kujibu.