Mwoga wa Daktari wa Meno? Sema Kabla Hujafungua Mdomo

Nimezaa, nimefanyiwa upasuaji, lakini mlio wa mashine ya kuchimba jino bado unanitoa jasho la viganja. Wengi tuko hivi. Jino likianza kuuma tunasukutua maji ya chumvi, tunabandika pamba yenye mafuta ya karafuu, tunameza panadol na kuomba kukuche. Maumivu yakitulia tunasema limepona. Halijapona. Tundu la jino halijizibi, na wakati mwingine maumivu hukatika kwa sababu mshipa wa fahamu ndani ya jino umekufa, huku usaha ukijikusanya kwenye mzizi. Yakirudi, yanarudi na shavu lililovimba.

Siku hizi nakwenda kliniki bila kuburuzwa, ingawa hofu bado ninayo. Kilichonisaidia ni mazungumzo. Ukishalala kwenye kile kiti huwezi kuuliza wala kulalamika, maana mdomo wenyewe ndio unaofanyiwa kazi. Kwa hiyo yote yasemwe mapema. Mimi nafanya hivi:

1. Nenda wakati hakuna kinachouma.
Penye uvimbe na usaha ganzi hufanya kazi kwa shida, na ndiko zinakotoka zile simulizi za "nilichomwa sindano na bado nilisikia kila kitu." Ziara ya kwanza iwe ya kuangaliwa tu. Omba miadi ya asubuhi, usije ukashinda na hofu mchana kutwa. Kunywa chai na kitafunwa kabla ya kutoka. Kwa ganzi ya kawaida ya sindano hakuna haja ya kufunga, na njaa ikikutana na woga ndiyo huangusha watu.

2. Taja unachokiogopa.
Daktari wangu ni mdogo kwangu kwa umri. Tulipokutana aliniamkia, "Shikamoo mama," nikaitikia, nikamwambia wazi kwamba mimi ni mwoga. Hakucheka. Akauliza, "Unaogopa nini hasa, mama? Sindano, mlio, au kusikia maumivu katikati ya kazi?" Ikabidi nifikiri. Kumbe sindano siiogopi, naogopa kushtukizwa. Tangu hapo kila kifaa ananionyesha, ananieleza kitafanya nini, ndipo anakiingiza mdomoni. Ni mbinu ambayo madaktari wa meno huitumia sana kwa watoto, lakini hata bibi mzima inamfaa. Hata ile harufu ya kliniki iliyokuwa ikinitia kichefuchefu alinieleza: ni karafuu hiyo hiyo ya nyumbani, maana baadhi ya dawa za kuziba jino kwa muda huchanganywa na mafuta yake.

3. Wekeni ishara.
Nikiinua mkono wa kushoto, anasimama. Tulichagua wa kushoto kwa kuwa yeye hukaa kulia kwangu, na sitaki kumgonga akiwa ameshika kifaa. Siku ya kwanza niliuinua bila hata kuumwa, nione kama atasimama kweli. Alisimama, akatoa kifaa, akasubiri. Sehemu kubwa ya hofu yangu iliishia pale.

4. Jua tofauti ya kuumwa na kusukumwa.
Kabla ya kung'oa, daktari hugusa fizi kwa ncha ya kifaa na kuuliza unasikia nini. Ganzi huondoa maumivu, lakini haiondoi hisia ya kusukumwa wala mlio wa jino likichezeshwa. Ukisikia kusukumwa, tulia. Ukisikia kuchomwa, inua mkono. Daktari ataangalia kama ganzi iongezwe. Moyo ukienda mbio baada ya sindano usishtuke sana: ganzi nyingi huwa na adrenalini, na hali hiyo hupita baada ya dakika chache. Mwambie tu daktari.

5. Usimfiche, na usiogope kumuuliza.
Mwambie kama una presha, kisukari, pumu au mimba, kama kuna dawa inayokudhuru, au kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Kisha uliza: jino hili linaweza kuzibwa badala ya kung'olewa? Gharama ni kiasi gani, na bima yangu inalipa nini? Uliza hata lile la mtaani, kwamba kung'oa jino la juu kunaharibu macho. Si kweli, lakini ni afadhali daktari akujibu kuliko uendelee kulala na hofu hiyo.

6. Usiharakishe kutoka.
Ukishang'olewa, uma pamba kwa kama nusu saa. Siku hiyo usisukutue wala kutematema mate, usije ukang'oa bonge la damu linaloziba kidonda. Subiri ganzi iishe kabla ya chai ya moto, la sivyo utaunguza mdomo bila kujua.

Na kama daktari anakufokea kwa kuchelewa kuja, au unainua mkono naye anaendelea, shukuru na utafute mwingine. Ujuzi wa mikono hautoshi kwa mgonjwa mwoga. Anahitaji mtu anayesikiliza.

Kama kuna jino unalolikwepa kwa kutafunia upande mmoja, weka miadi wiki hii. Ukifika, anza na maneno haya: "Daktari, mimi naogopa." Atakavyokujibu ndivyo utakavyojua kama kiti hicho ni chako.